Nash alipotoka hospitali alikwenda wapi?

Tarehe 24 Julai 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri inayohimiza majimbo kurejesha utaratibu wa kuwalaza hospitalini kwa lazima, tena kwa muda mrefu, watu wenye magonjwa makali ya akili wanaoishi mitaani. Amri hiyo hiyo inaagiza serikali kuu iache kuunga mkono mipango inayompa mtu nyumba kwanza, kabla ya kumtaka akubali matibabu. Mjadala uliofuata umegawanyika kwa namna iliyozoeleka: upande mmoja unasema kwamba kumwacha mgonjwa alale barabarani kwa jina la uhuru ni ukatili, na upande wa pili unasema kwamba kumfungia mtu asiye na kosa ni ukatili mkubwa zaidi. Mabishano ya namna hii yanapozuka, huwa haichukui muda kabla ya mtu kumtaja John Nash, mwanahisabati aliyeishi na skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili unaomfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo, kwa zaidi ya miaka thelathini kisha akapata Tuzo ya Nobel. Wapo wanaomtaja kama ushahidi kwamba hospitali na dawa huokoa maisha, na wapo wanaomtaja kama ushahidi kwamba mtu akiachwa huru hupona mwenyewe. Naona pande zote mbili zinamsoma vibaya. Ukiyafuata maisha ya Nash mwaka baada ya mwaka, utaona kwamba hatima yake haikuamuliwa zaidi na siku alizokuwa ndani ya hospitali, wala na siku alizokataa dawa, bali na mahali alipokwenda kila alipotoka. Na hilo ndilo swali ambalo amri ya Julai 2025 haina jibu lake, na ambalo wapinzani wake wengi hawaliulizi.

Nash alizaliwa tarehe 13 Juni 1928 Bluefield, mji wa reli katika jimbo la West Virginia, kwa baba mhandisi wa umeme na mama aliyekuwa mwalimu. Alisoma Pittsburgh, akianza na uhandisi wa kemia kabla ya kuhamia hisabati, na alipoomba nafasi ya shahada ya uzamivu mwaka 1948 mwalimu wake Richard Duffin alimwandikia barua ya mapendekezo ambayo kwa kweli ilikuwa na hoja moja tu, kwamba kijana huyu ni kipaji cha pekee katika hisabati. Chuo Kikuu cha Princeton kilimpokea, na miaka miwili baadaye akawasilisha tasnifu ya kurasa 28 kuhusu nadharia ya michezo, yaani hisabati ya maamuzi ya watu wanaotegemeana. Wazo lake la msingi, ambalo leo wanauchumi, wanabiolojia na wanasayansi wa siasa hulitumia kila siku kwa jina la msawazo wa Nash, ni hali ambayo hakuna mshiriki anayeweza kujinufaisha zaidi kwa kubadili uamuzi wake peke yake wakati wengine wameshikilia ya kwao. Wanahisabati wenyewe, hata hivyo, hulihesabu wazo hilo kuwa jambo dogo ukilinganisha na alichokifanya baadaye akiwa mwalimu katika chuo cha MIT: katika makala za mwaka 1954 na 1956 alithibitisha kwamba maumbo ya kijiometri yaliyoelezwa kwa fomula tupu yanaweza kuwekwa ndani ya nafasi ya kawaida yenye vipimo vingi bila urefu wowote kupotoshwa, kisha akatatua tatizo gumu la milinganyo ambalo Ennio De Giorgi wa Italia alikuwa amelitatua muda mfupi kabla yake kwa njia nyingine. Yote hayo aliyamaliza kabla hajafikisha umri wa miaka thelathini na moja.

Mapema mwaka 1959, mkewe Alicia akiwa mjamzito, Nash aliingia katika chumba cha mapumziko cha idara yake akiwa na gazeti la New York Times mkononi na kuwaambia wenzake kwamba gazeti lile lilikuwa na ujumbe wa siri uliomlenga yeye, kutoka kwa nguvu zisizo za dunia hii au serikali za kigeni. Alipopewa nafasi ya kazi katika Chuo Kikuu cha Chicago alijibu kwamba asingeweza kuipokea kwa kuwa alikuwa anakaribia kuwa mfalme wa Antaktika. Mwezi Februari alisimama mbele ya wanahisabati waliokusanyika New York kuzungumzia dhana maarufu ya Riemann kuhusu namba tasa, na wasikilizaji wakatambua kwamba maneno yalikuwa yakifuatana bila kuungana. Miezi michache baadaye alilazwa bila hiari yake katika hospitali ya McLean, nje kidogo ya Boston, na madaktari wakatamka skizofrenia yenye dhana za kuandamwa. Alipotoka aliacha kazi, akaenda Ulaya na kujaribu kuukana uraia wa Marekani, hadi akarudishwa nyumbani mwaka 1960.

Hapa ndipo watetezi wa kulaza kwa lazima wanapopata hoja yao ya kweli, na ni haki tuisikilize kwa ukamilifu wake. Nash mwenyewe, katika maelezo ya maisha yake aliyoyaandika alipopewa Nobel, alisema kwamba alikaa katika hospitali za New Jersey vipindi vya miezi mitano hadi minane, kila mara bila ridhaa na kila mara akijaribu kutafuta njia ya kisheria ya kutoka. Lakini alikiri pia kwamba baada ya kukaa humo muda wa kutosha, hatimaye aliziacha imani zake potofu na kurudi kujiona mtu wa kawaida anayefanya utafiti wa hisabati. Alikiita kipindi hicho urazini wa kulazimishwa, yaani akili timamu iliyopatikana kwa shuruti, na katika vipindi hivyo alifanya kazi ya heshima: makala kuhusu mwendo wa vimiminika iliyochapishwa Ufaransa mwaka 1962, na nyingine ya mwaka 1966, alipokuwa Boston akitumia dawa, akimwona daktari wake na akiwa na kazi. Alipoacha dawa huko Boston sauti zilirudi, na yote aliyoyajenga yakabomoka katika muda mfupi. Tena, aliyeruhusu alazwe mwaka 1959 alikuwa Alicia, si adui yake, na alifanya hivyo tena miaka iliyofuata. Mtu ambaye hajawahi kulala nyumba moja na mgonjwa aliyeshawishika kwamba jamaa zake ni majasusi hana haki ya kumhukumu mke, mama au dada anayepiga simu kuomba msaada, na kundi la wanaopinga amri hii kwa kuzungumzia haki peke yake limekuwa likiwasahau watu hao.

Lakini angalia ni nini hasa alichopewa Nash katika urazini huo wa kulazimishwa. Mnamo Januari 1961 alipelekwa katika hospitali ya serikali ya Trenton, na huko akawekwa katika wodi ya matibabu ya insulini. Siku tano kwa juma, kwa takriban wiki sita, mgonjwa aliamshwa alfajiri na kudungwa insulini nyingi kiasi cha kushusha sukari ya damu hadi apoteze fahamu; aliachwa katika hali hiyo kwa muda, kisha akazinduliwa kwa sukari iliyomiminwa kupitia mrija wa puani. Matibabu hayo yalibuniwa na Manfred Sakel huko Vienna katika miaka ya 1930. Kufikia mwaka 1953 daktari Mwingereza Harold Bourne alikuwa ameshaandika katika jarida la tiba la Lancet kwamba sifa zake ni ngano, na mwaka 1957 jarida hilo hilo likachapisha jaribio lililoonyesha kwamba wagonjwa waliolazwa usingizi kwa dawa nyingine bila insulini walipata matokeo yale yale. Nash alidungwa miaka minne baada ya jaribio hilo. Baadaye alilalamika kwamba matibabu yale yalimfutia sehemu kubwa ya kumbukumbu zake. Sisemi kwamba hospitali za leo ni Trenton ya 1961, kwa sababu si hivyo. Ninasema kwamba mgonjwa asiye na uwezo wa kukataa ndiye wa mwisho kunufaika na ushahidi mpya wa sayansi, kwa kuwa hakuna anayelazimika kumshawishi. Na yeyote anayetaka kurejesha ulazaji wa lazima wa muda mrefu anapaswa kueleza ni nani atakayesimama upande wa mgonjwa ndani ya kuta hizo kuuliza kama tiba hii inasaidia.

Upande wa pili una hoja yake pia. Tangu mwaka 1970 Nash hakulazwa tena, na kwa maelezo yake mwenyewe hakutumia tena dawa za skizofrenia. Kupungua kwa ugonjwa wake katika miaka ya 1980 kulitokea bila dawa. Filamu ya mwaka 2001 iliyotokana na maisha yake ilimweka mdomoni maneno kwamba alikuwa akitumia dawa za kisasa, na Nash alisema waziwazi kwamba hilo si kweli. Kutokana na ukweli huo wapo wanaohitimisha kwamba dawa ndizo zinazomzuia mgonjwa kupona. Hitimisho hilo ni la hatari, na takwimu zinalikataa: uchambuzi wa majaribio 65 uliochapishwa katika Lancet mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika kipindi cha mwaka mmoja ugonjwa uliwarudia asilimia 27 ya wagonjwa walioendelea na dawa, na asilimia 64 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake. Kwa mgonjwa mmoja mmoja hiyo ni tofauti kati ya kwenda kazini kesho na kurudi wodini. Nash ni miongoni mwa wachache waliofika ng’ambo kwa njia nyingine, tena baada ya miongo miwili, na anayemshauri jirani yake aache dawa kwa sababu Nash aliacha anamshauri acheze kamari ambayo Nash mwenyewe aliipoteza kule Boston.

Kuna hoja ya tatu, dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayopendwa zaidi na watu wasio na mgonjwa nyumbani. Inadai kwamba kipaji cha Nash na ugonjwa wake vilikuwa kitu kimoja, na kwamba hatimaye aliushinda ugonjwa kwa nguvu ya akili ile ile iliyompa hisabati. Huitegemeza kwa jibu alilompa mwanahisabati George Mackey aliyemtembelea McLean mwaka 1959 na kumuuliza vipi mtu wa mantiki aliweza kuamini kwamba viumbe wa anga za mbali wanamtumia ujumbe. Nash alijibu kwamba mawazo yale yalimjia kwa njia ile ile yalivyomjia mawazo ya hisabati, hivyo aliyachukulia kwa uzito. Ni jibu zito na la kweli, lakini halisemi kinachodaiwa. Linasema kwamba mgonjwa hawezi kutofautisha kwa hisia wazo la kweli na wazo la ugonjwa, na hiyo ndiyo maana halisi ya kuugua. Halisemi kwamba chanzo chake ni kimoja. Tarehe zinatosha kulimaliza suala hili. Kila kitu kilichompa heshima kabla ya 1959 alikifanya akiwa mzima, na miaka ambayo ugonjwa ulimshika kikamilifu ilizaa mahesabu ya majina ya watu yaliyogeuzwa kuwa namba, ambayo hayakumfaa yeye wala mwingine yeyote. Utafiti mkubwa wa Sweden uliochapishwa mwaka 2013, uliohusisha wagonjwa zaidi ya milioni moja, haukukuta watu wenye skizofrenia wakiwa wengi kuliko wengine katika kazi za ubunifu. Watu wenye ugonjwa huu duniani wanakadiriwa na Shirika la Afya Duniani kuwa kama milioni 24, na walio wengi sana kati yao ni wakulima, mafundi, akina mama wa nyumbani na makarani. Tukifanya ugonjwa wao uonekane kuwa bei ya kipaji, tunawaambia wasio na kipaji kwamba wanateseka bure.

Madai ya nguvu ya akili yanahitaji kujibiwa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu Nash mwenyewe aliyakaribia. Aliandika kwamba polepole alianza kuyakataa kwa hoja baadhi ya mawazo ya ugonjwa, akianza na yale ya kisiasa aliyoyaona kuwa ni upotevu wa nguvu za akili. Siwezi kumpinga mtu kuhusu kilichotokea ndani ya kichwa chake. Lakini Nash na Alicia walikuwa na mwana mmoja, aliyezaliwa wiki chache baada ya baba yake kulazwa kwa mara ya kwanza. Kijana huyo alirithi hisabati, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Rutgers. Akarithi pia skizofrenia. Alikuwa na akili, alikuwa na mama yule yule, alikuwa na nyumba ile ile, na alikuwa na dawa mpya ambazo baba yake hakuwa nazo, na bado ugonjwa haukumwachia kama ulivyomwachia baba. Je, tuseme hakutia bidii? Yeyote anayeihubiri nguvu ya akili amtazame mzazi wa mtoto huyo machoni kwanza. Na sitaki kukwepa kwamba mfano huu unaweka mpaka kwenye hoja yangu pia: nyumba haiponyi skizofrenia. Nash baba alikuwa na kitu cha ziada ambacho hakijulikani kilikotoka, pengine umri, pengine mwili wake tu. Tafiti zilizowafuatilia wagonjwa kwa muda mrefu, kama ule wa Vermont wa mwaka 1987 uliowarudia baada ya zaidi ya miaka thelathini, ziliwakuta nusu yao au zaidi wakiwa wamepata nafuu kubwa, wakati vipimo vikali zaidi vya kupona huwapata karibu mmoja kati ya saba tu. Kupona kunatokea, ila hakuna anayeweza kukuahidi. Kinachoweza kuahidiwa na jamii ni kwamba mtu atakuwa hai, ana pa kulala na ana watu wanaomjua kwa jina, siku ambayo ugonjwa utaanza kulegea, kama siku hiyo itafika.

Na hapo ndipo miaka ya Nash baada ya 1970 inapostahili kutazamwa kwa karibu. Kabla yake alikuwa ameshazunguka vya kutosha: mwaka 1963 Alicia alipata talaka, baada ya Boston alikwenda kuishi na mama yake Roanoke, Virginia, ambako alikuwa na chumba na chakula lakini hakuwa na mtu wa kuzungumza naye lugha yake, akashinda akiandika barua na kupiga simu kwa watu waliokuwa wamechoka kuzipokea. Mama alipofariki mwaka 1969 alilazwa tena katika hospitali ya Virginia. Alipotoka mwaka 1970, Alicia, ambaye hakuwa tena mke wake, alimpokea katika nyumba ndogo ya Princeton Junction, karibu na kituo cha treni, akamwita mpangaji wake na kuamua kwamba hatamlaza tena. Alicia mwenyewe alizaliwa San Salvador, alikuwa amesoma fizikia MIT, na katika miaka hiyo alijitafutia riziki kwa kuandika programu za kompyuta, tena si kila wakati alipata kazi. Juu ya mshahara huo alimlea mtoto na kumtunza mtaliki wake. Serikali haikumlipa chochote kwa kazi hiyo. Hakuna aliyempa tuzo.

Kila siku Nash aliingia mjini na kutembea katika majengo ya chuo kikuu. Alikaa maktaba ya Firestone, na nyakati za usiku aliandika kwenye ubao wa Fine Hall, jengo la hisabati, jumbe ndefu zilizounganisha majina ya akina Mao na Brezhnev na hesabu za miaka, miezi na siku, ambazo wanafunzi walizikuta asubuhi. Walimwita Mzimu wa Fine Hall. Inasimuliwa kwamba mwanafunzi aliyelalamika kuhusu mzee huyo asiyenena na mtu aliambiwa kwamba huyo ni mwanahisabati bora kuliko atakavyowahi kuwa yeye. Hakuwa na cheo wala mshahara wa chuo, lakini hakufukuzwa. Kituo cha kompyuta kilimruhusu kutumia mitambo, naye akajifunza kuandika programu, kwanza kwa ajili ya hesabu zake za majina na baadaye kwa ajili ya hisabati yenyewe. Freeman Dyson, mwanafizikia wa Taasisi ya Masomo ya Juu hapo hapo Princeton, alikuwa na desturi ya kumsalimu kila walipokutana bila kutarajia jibu, na jibu halikuja kwa miaka. Siku moja, mwishoni mwa miaka ya 1980, Nash alimjibu: alikuwa amemwona binti yake Dyson kwenye habari tena. Dyson hakuwa amewahi kumsikia akizungumza. Salamu zile za miaka hazikumtibu Nash, na sidhani Dyson aliwahi kudai hivyo. Lakini alipokuwa tayari kusema neno la kwanza, mtu wa kuambiwa alikuwepo, na huyo mtu alikuwa na mazoea ya kusimama.

Mwaka 1994, Nash akiwa na umri wa miaka 66, alipewa Nobel ya uchumi pamoja na John Harsanyi na Reinhard Selten. Wapo waliositasita Stockholm kwa sababu ya ugonjwa wake, na rafiki yake wa tangu ujana, Harold Kuhn, ni miongoni mwa waliofanya juhudi kuwaondolea shaka. Mwaka 2001 yeye na Alicia walioana tena. Mwezi Mei 2015 alipokea Tuzo ya Abel ya hisabati huko Oslo pamoja na Louis Nirenberg, na tarehe 23 ya mwezi huo, wakirejea kutoka uwanja wa ndege wa Newark, wote wawili walifariki teksi yao ilipopata ajali kwenye barabara kuu ya New Jersey. Yeye alikuwa na miaka 86, mkewe 82.

Mtu anaweza kuniuliza hapa: si Nash alikuwa na bahati tu? Alikuwa mweupe, alikuwa na shahada kutoka chuo kilekile alichokuwa akikizungukia, na kazi yake ya ujana ilikuwa ikizidi kupata umaarufu huku yeye akiandika ubaoni. Ni kweli, na ndiyo sababu ninamtaja. Mwanamume mwenye nguo zilizochakaa anayetembea peke yake usiku katika jengo lisilo lake, akiandika ukutani, katika mji mwingine wa Marekani angepigiwa polisi usiku wa kwanza. Jela za Los Angeles na Chicago zimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa mahali penye wagonjwa wengi wa akili kuliko hospitali yoyote ya nchi hiyo. Alichokipata Nash kwa bahati ndicho ambacho sheria ilikusudia kuwapa wote. Mwaka 1955 hospitali za serikali za magonjwa ya akili za Marekani zilikuwa na wagonjwa wapatao 558,000; leo vitanda vyake havizidi 40,000. Tarehe 31 Oktoba 1963 Rais Kennedy alitia saini sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili katika jamii ili wanaotoka hospitalini wawe na pa kwenda. Vitanda vilipunguzwa kweli, lakini vituo vilivyojengwa vilikuwa karibu nusu tu ya vilivyokusudiwa, na fedha za kuviendesha hazikudumu. Kisha mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua, katika kesi ya Kenneth Donaldson aliyefungiwa hospitalini Florida kwa takriban miaka kumi na mitano, kwamba asiye hatari na anayeweza kujimudu kwa usalama, peke yake au kwa msaada wa jamaa na marafiki, hawezi kufungiwa tu kwa sababu ni mgonjwa. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Jamaa na marafiki waliotajwa humo, hata hivyo, hakuna aliyewatengea bajeti.

Kwa hiyo wanaosema kwamba kufunga hospitali ndiko kulikojaza barabara wagonjwa wana nusu ya historia. Nusu iliyobaki ni nyumba ambazo hazikujengwa, na amri ya Julai 2025 inaongeza upande mmoja huku ikipunguza ule mwingine. Mpango wa nyumba kwanza, ulioanzia New York mwaka 1992, ulipimwa Kanada kwa jaribio kubwa katika miji mitano kuanzia mwaka 2009, likiwa na washiriki zaidi ya 2,000 waliokuwa na magonjwa ya akili na wasio na makazi. Katika miezi sita ya mwisho, asilimia 62 ya waliopewa nyumba walikuwa ndani ya makazi muda wote, ikilinganishwa na asilimia 31 ya wale waliopata huduma za kawaida. Wapinzani wa mpango huo hupenda kuonyesha kwamba dalili za ugonjwa hazikupungua zaidi kwa kundi moja kuliko lingine, na wanasema kweli. Ila wanaihesabu nyumba kuwa dawa iliyoshindwa, wakati haikuwahi kuwa dawa. Nyumba ya Princeton Junction nayo haikupunguza dalili za Nash kwa zaidi ya miaka kumi. Kama Alicia angetumia kipimo hicho, angemtoa nje mwaka 1972.

Wanaopinga amri nao wana deni lao. Wakishinda mahakamani na mgonjwa akabaki na haki yake ya kutolazwa, atakuwa ameshinda haki ya kulala wapi? Sipingi kwamba kuna saa ambapo mtu lazima alazwe hata akikataa, na Alicia aliijua saa hiyo. Ninachodai ni kwamba kila muswada wa jimbo unaoongeza mamlaka ya kulaza uandikwe ukiwa na kifungu cha kutoka: mgonjwa anatoka kwenda anwani gani, nani anamfuata nyumbani, na mwanafamilia anayempokea analipwa nini kwa saa anazozikosa kazini. Jimbo lisiloweza kujibu hayo litakuwa linanunua vitanda vya kuzungushia watu walewale, kama New Jersey ilivyomzungusha Nash kati ya 1961 na 1965. Swali hili halikomei Marekani. Hospitali za magonjwa ya akili za Mathari, Kenya, na Mirembe, Tanzania, zimekuwa zikieleza hadharani kwamba wapo wagonjwa waliopata nafuu na kuruhusiwa, ambao wamebaki wodini kwa kuwa jamaa zao hawaji kuwachukua; kitanda wanachokilalia anakihitaji mwingine, na wao wenyewe hawaumwi tena kiasi cha kukaa hapo. Wizara za afya za Nairobi na Dodoma hazihitaji kusubiri utafiti mpya ili kuanza kuhesabu watu hao, kuzijua familia zao, na kuuliza kila moja inahitaji nini ili mlango ufunguliwe.